Schumacher wa Njabini

Njabini,
12 Novemba 2024

Baba Gitonga,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako ukungu umetukalia wiki nzima na viazi vimekataa kunenepa. Sisi ni wazima. Eric wangu, kitinda mimba, amenunua ng'ombe wa pili na sasa anatembea kijijini kama mkuu wa wilaya. Mkewe amejifungua msichana wakampa jina langu, kwa hiyo tuko Wairimu wawili, na mdogo ndiye mwenye kelele. Mama yako Njeri nasikia yuko salama kwao Nakuru. Kuonana hatuonani. Goti langu la kushoto linauma na la kulia linajiandaa.

Nakuandikia barua kwa sababu simu ya nyumba hii ni mali ya umma. Nikikupigia wanasikiliza watu saba, na mmoja wao huongeza maneno yake.

Sasa tuje kwenye jambo. Mkeo Velma, ambaye amekushinda adabu, alinipigia Jumapili akaniambia kipimo cha damu kimeonyesha mtoto ni mvulana. Nilipiga vigelegele hadi kuku wakatawanyika. Nikamwambia, "Basi kaka yangu Harrison anarudi!" Kisha akasema polepole, "Shangazi, mume wangu Schumacher anataka aitwe Lenny. Lenny Schumacher."

Lenny ni nani? Ni babu wa nani? Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake, hata mbuzi wa Njabini wanalijua hilo. Wewe ulipewa Gitonga, jina la baba yangu, ndiyo maana tangu ukiwa kwenye blanketi mimi nakuita baba. Nilikuwa nikikuomba ruhusa kabla ya kukubadilisha nepi. Mwanao ni Harrison Ndirangu, na akija nitamwita kaka. Hakuna lingine la kujadili.

Eti na wewe mwenyewe unataka kulifuta Ndirangu kwenye karatasi zako ukipata uraia, ubaki na Schumacher. Hakuna kioo huko Woodbury?

Nijibu, na usinijibu kwa simu.

Shangazi yako,
Wairimu


Woodbury, Minnesota,
8 Desemba 2024

Kwa Shangazi Wairimu,

Natumai barua hii itakukuta na magoti yote mawili. Sisi hatujambo. Theluji imeanguka tangu Jumatano, na kila asubuhi nachimbua gari kabla ya kwenda kazini Anoka, kwenye ile nyumba ya wazee ninakofanyia uuguzi. Velma ana nguvu, anakula maembe mabichi kwa chumvi na kunilaumu kwamba si ya Kenya. Mpongeze Eric kwa ng'ombe.

Kuhusu jina, ngoja nikueleze vile maisha ya huku yalivyo. Nilipokuwa nikiomba kazi kwa jina la Ndirangu, hakuna aliyenipigia. Siku nilipoandika Schumacher tu, simu ililia mpaka nikaizima. Jimbo hili limejaa wajukuu wa Wajerumani. Nikifika kwenye mahojiano wananitazama, halafu wanatazama nyuma yangu kumtafuta Schumacher mwenyewe. Lakini tayari niko ndani, na kiti nimekikalia.

Kazini tuna mzee wa miaka themanini na minane, Gilbert Schumacher. Siku ya kwanza alisoma kibandiko changu kifuani akaniuliza mimi ni wa akina Schumacher wa wapi. Nikamwambia wa Njabini. Akafikiri sana, akasema hao hawajui, pengine ni wale waliohamia kusini.

Agosti alinialika kwenye mkutano wa jamaa yao, bustanini kando ya mto. Watu tisini, wote wamevaa fulana za njano zenye jina letu. Walinipa na mimi moja. Chakula kilikuwa viazi baridi visivyo na chumvi, na walikula huku wakisifu. Wana kitabu cha ukoo. Kinasema Schumacher ni mtengeneza viatu. Zamani kila kijiji cha Ujerumani kilikuwa na fundi wake, na serikali zilipotaka kila mtu awe na jina la ukoo, kazi ikawa jina. Kwa hiyo wako maelfu wasiohusiana hata kidogo. Kuna ukurasa wa watu mashuhuri: dereva wa mbio za magari aliyekuwa bingwa wa dunia mara saba, na mdogo wake naye dereva, golikipa wa timu ya taifa, na mwanasiasa aliyepoteza mkono vitani, akafungwa na watu wa Hitler kama miaka kumi, akatoka akaongoza chama chake. Hawa wa Anoka hawana undugu na hata mmoja, lakini wanawataja kama wajomba walioondoka sasa hivi kwenda dukani.

Nimewacheka, ndiyo. Lakini Shangazi, hapo bustanini hakuna aliyeniuliza baba yangu alifanya nini. Mwanangu hana haja ya kuzaliwa akiwa mtu aliyekwisha kufa. Nataka aanze na jina safi.

Wako,
Schumacher Gitonga


Njabini,
3 Januari 2025

Baba Gitonga,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Velma na kwa kaka yangu aliye tumboni. Krismasi ilipita vizuri. Tulichinja mbuzi, Eric akakata nyama kama anayegawa urithi. Tulifyeka makaburi yote ya shambani: la baba yangu, la mama yangu, la Harrison. Sasa panapendeza.

Kwa hiyo umevuka bahari, ukasoma, ukavaa sare nyeupe, ili uwe fundi viatu. Si ungeniambia! Fundi viatu tunaye hapa kando ya posta. Viatu vyangu vya Pasaka amekaa navyo tangu Pasaka. Kama shida ilikuwa kupata undugu na mafundi, ningekupeleka kwa miguu.

Na kitabu chenyewe kinakuambia wenye jina hilo hawahusiani! Umejiunga na jamaa ambayo si jamaa, ukavaa fulana, ukala viazi baridi. Wewe, mtoto wa Njabini, kupewa kiazi kisicho na chumvi ukashukuru! Nimemsomea Eric sehemu hiyo akatoka nje kucheka, na mimi nimeona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Hao mabingwa mwachie mzee Gilbert awaote. Huyo wa mkono mmoja peke yake ndiye ninayemheshimu. Mtu akikubali kufungwa kwa ajili ya wengine, huyo ni mtu. Lakini hilo tuliache.

Unasema jina safi. Schumacher halikuwa chochote, ulikuwa mzaha wa baba yako. Alikuwa akitazama magari kwenye runinga ya baa, ukazaliwa, akaliandika. Usilichimbe, hakuna kitu chini yake.

Mtoto ni Harrison. Nimeshawaambia watu wa kanisani, na mimi sirudi kanisani kujikana.

Shangazi yako,
Wairimu


Woodbury,
2 Februari 2025

Shangazi,

Salamu. Velma ni mzima, mtoto anapiga mateke. Baridi imefika kiwango ambacho ukitema mate unayasikia yakianguka.

Umetaja makaburi matatu. Shambani yako manne. Tangu nikiwa na miaka sita sijakusikia ukilitaja jina la Fiona hata mara moja. Umetaja ng'ombe, mbuzi, viatu vya Pasaka. Dada yangu hapana.

Basi nitamtaja mimi. Fiona alikuwa na miaka minne. Agosti 2002 alipanda pikapu yako ya viazi pamoja na wewe na baba, gari likapinduka kwenye mteremko, akafa. Baba alikuwa kwenye usukani. Mahakamani alisema alisinzia, kijiji kikasema alikuwa amelewa. Alifungwa miaka minne, na mama akamwacha akarudi kwao. Alipotoka nilimngojea aniombe msamaha, nikangoja miaka minane mpaka akafa, na hakusema neno. Alipokuwa hospitali siku za mwisho alininyoshea mkono, nikatazama dirishani. Sijutii. Na wewe unataka kila siku nimwite mwanangu kwa jina la mtu huyo, nimwambie Harrison njoo, Harrison kula?

Sikutaka kuandika haya. Umenilazimisha kwa kebehi zako.

Lakini kuna kitu kimoja kimenikaa kichwani. Nafanya kazi na Mkongo mmoja, Byamungu, mtu mpole anayependa maswali. Juzi tulikuwa tunakula, akaniuliza, "Kwenu munapanaka mutoto jina ya mutu wa famille, ndugu yenu, ni vile? Sasa iyi Schumacher ni ya nani?" Nikamjibu ni ya dereva wa mbio, baba alimpenda. Akasema, "Baba yako alikuwa anapenda mbio?" Nikasema nitauliza nyumbani.

Baba alikuwa anaendesha pole mpaka mikokoteni ya punda ya maziwa inampita. Nakumbuka hilo vizuri, watoto tulikuwa tunakimbia kando ya gari na tunamshinda. Mtu wa mwendo ule alitaka nini na jina la bingwa wa kasi? Na gari mikononi mwake lilifikaje kupinduka vile?

Nijibu hilo moja tu. Mahojiano yangu ya uraia ni tarehe 30 Aprili, na ofisa ataniuliza kama nataka kubadili jina. Mtoto anatarajiwa wiki inayofuata.

Schumacher


Woodbury,
16 Machi 2025

Shangazi,

Wiki sita. Najua barua ilifika, maana Eric ameniambia uliisoma, ukaenda kulala mchana bila kula. Wewe, ambaye hujawahi kukosa la kusema tangu nikufahamu.

Fomu nimeshaijaza. Ndirangu anatoka. Na Lenny atakuwa Lenny.

Schumacher


Njabini,
30 Machi 2025

Baba Gitonga,

Salamu nitaziweka mwishoni, kama bado utazitaka. Nimeanza barua hii mara tano. Nne zimewasha jiko.

Nilikudanganya kuhusu jina. Baba yako hakuwa mtu wa baa wala wa runinga. Miaka hiyo mimi ndiye niliyekuwa na pikapu, mwanamke peke yake aliyepeleka viazi Nairobi, na hakuna mwanaume aliyenifikia sokoni. Walikuwa wakishindana kununua magunia alfajiri na kunikuta nimeshauza. Wakanipa jina kwa dharau, nikalivaa kwa majivuno: Shumaka, la yule dereva wa mbio. Hata askari wa trafiki waliniita hivyo. Anayekumbuka yuko hai, muulize yeyote wa miaka hiyo.

Novemba 1995 mama yako alishikwa na uchungu, akatoka damu nyingi. Harrison alitaka kumpeleka hospitali kwa mwendo wake ule wa kusindikiza konokono. Nilimnyang'anya ufunguo. Daktari alisema mngechelewa nusu saa tungezika wawili. Harrison alilia mbele ya wauguzi bila aibu, kisha akaniambia, "Huyu ni Gitonga kwa ajili ya baba, na ni Schumacher kwa ajili yako." Kwa hiyo hukupewa jina la Mjerumani. Ulipewa jina langu. Ule ukurasa wa watu mashuhuri umekosa mmoja.

Sasa sikia lingine. Agosti ile mahakama ilikuwa imenifungia leseni kwa sababu ya mwendo. Harrison alikuja ili aniendeshee. Tulifika juu ya mteremko nikachoka kumtazama. Nilimcheka. Nikamwambia viazi vitaota kabla ya kufika, nikamwambia ashuke tubadilishane viti, akashuka. Alikuwa hajui kukataa. Fiona alikaa katikati yetu, na kila nilipoongeza kasi alicheka na kusema, "Tena, shangazi." Nikampa tena.

Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani.

Gari lilipolala, Harrison alimtoa Fiona akamweka kwenye nyasi, akamfunika kwa koti lake. Kisha akaja kwangu. Eric alikuwa na miezi mitatu, maziwa yalikuwa yananimwagikia kifuani. Akasema, "Wewe watakufunga miaka mingi, na mtoto ananyonya. Sogea." Gari lilikuwa limeegemea ukingo, mlango wa dereva umefunguka. Akaingia, akakaa pale nilipokuwa nimekaa. Mimi ni mfupi, kiti kilikuwa mbele. Alikisukuma nyuma ili miguu yake ienee. Nilikisikia kikilia kwenye reli yake, na sijaacha kukisikia.

Nilimwachia. Polisi walikuja, nikasema alivyosema. Watu wakaongeza ulevi na mimi sikuupunguza, kwa kuwa mtu aliyelewa haulizwi maswali mengi. Mama yako aliondoka, nikamtazama akipanda gari. Harrison alipotoka jela nilimwambia tuwaambie, akasema, "Fiona amelala. Usimwamshe ili kumfunga mama ya Eric." Alipokufa ndipo ningeweza kusema. Nilikuona kaburini na uso wako mkavu, nikaogopa. Nimekuogopa wewe, mtoto niliyembadilisha nepi.

Nimekucheka kwa fulana na viazi baridi. Mimi ndiye wa kuchekwa. Nilipigania jina la Harrison kama mtu wa desturi, kumbe nilitaka arudi ili nijione nimemlipa. Nilitaka kulipa kwa mtoto wako.

Fanya utakavyoona. Lakini usimnyime jina kwa kosa langu.

Salamu kwa Velma.

Wairimu


Woodbury,
18 Mei 2025

Wairimu,

Barua yako ilifika tarehe 25 Aprili. Niliisoma garini nje ya nyumba ya wazee Anoka, na sikuingia kazini. Byamungu alitoka kunitafuta, akakaa kiti cha pili.

Nimekuchukia. Naandika hivyo kwa sababu wewe umezoea mambo yasiyoandikwa. Nilimtazama baba yangu kama takataka miaka minane, naye alijua kwa nini, na alijua kwamba neno moja lingetosha, na akanipikia uji kila asubuhi nikaenda shule bila kumuaga. Mkono wake ulikuwa hewani pale hospitali. Nilisema sijutii. Nilikuwa na kiburi nilichokopeshwa na wewe.

Tarehe 30 ofisa aliniuliza kama bado nataka kubadili jina. Nikamwambia ndiyo, lakini fomu nimeijaza vibaya. Afute Schumacher, aache Gitonga Ndirangu. Akanitazama, akasema watu wengi hufanya kinyume. Kwa hiyo jina lako nimekurudishia. Lichukue, huku halina kazi tena. Mzee Gilbert nilimrudishia fulana, akakataa. Akasema jamaa yao ni mafundi viatu tu, hakuna aliyewahi kufukuzwa, na kama silitaki jina fulana bado inafaa kupangusia gari.

Mtoto alizaliwa tarehe 6. Kilo tatu na nusu. Anaitwa Harrison Ndirangu, na sikumpa kwa sababu uliniambia. Ananyonya pole, analala pole, hana haraka na kitu chochote duniani. Velma anasema ni mvivu. Mimi nilitoka nje nikalia kwenye maegesho.

Usiniombe msamaha mimi, sina. Nenda kwanza Nakuru ukamwambie mama yangu, ukiwa umesimama mbele yake. Ukishamaliza, ulisema mtoto akija utamwita kaka. Haya, amekuja. Mwombe yeye.

Gitonga Ndirangu


Njabini,
15 Juni 2025

Kaka yangu Harrison,

Karibu tena. Nasikia una kilo tatu na nusu na unalala mchana kutwa. Hujabadilika.

Atakayekusomea barua hii ni baba yako, mtu wa hasira. Mwache akasirike, ana haki, na usimlilie akiwa anasoma. Mke wa Eric anakusalimu. Eric nimemweleza yote. Aliuza ng'ombe mmoja, hakuniambia kwa nini, akachongesha jiwe la kaburi la Fiona. Kaburi lenyewe nililifyeka kwanza mwaka huu, kabla ya mengine, na nikalisema jina lake kwa sauti mpaka watu wa shamba la pili wakasimama.

Nilikwenda Nakuru. Nilipanda basi, nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Njeri alinifungulia mlango, hakunikaribisha chai, nami nilisema nikiwa nimesimama kama nilivyoambiwa. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo Harrison alikuwa hajalewa?" Nikasema hakuwahi kuonja. Akafunga mlango. Nilibaki barazani mpaka jioni. Hakufungua, na sikubisha tena. Wiki iliyopita alikuja Njabini kwa basi dogo la matatu la mchana, akapita mbele ya nyumba yangu bila kugeuza shingo, akaenda kukaa kaburini kwako. Alikuja na maua. Hakuniletea salamu na sikuzitarajia.

Kaka, nilikucheka juu ya mteremko kwa sababu ya mwendo wako. Uliposema sogea, nilisogea. Ulipokuwa unasukuma kile kiti nyuma nilikuwa na mikono miwili mizima, ningeweza kukushika. Sikukushika. Nisamehe.

Usijibu leo. Kua kwanza, jifunze kusema, jifunze kusoma, usome hii mwenyewe bila baba yako. Hukuwahi kuwa mtu wa haraka, na safari hii mimi ndiye nitakayekwenda kwa mwendo wako.

Dada yako,
Wairimu